Tiketi ya Jumapili

Wazo, Alhamisi mchana

Vero mama,

Hali yako siulizi, nimekuona asubuhi. Chai umekunywa nusu kikombe, chapati umeikatakata tu kwenye sahani, ukasema unaenda kusuka kabisa kwa sababu hujui huko hospitali nani atakushika kichwa. Umeondoka na kitana changu. Sasa hivi vijana wamekwenda kula, mashine ya tofali imezimwa, na mie nimekaa kwenye ndoo kwenye kivuli cha kontena naandika mbiombio kabla hujarudi. Ukinikuta nimeshika kalamu utajua kuna jambo, maana mie kalamu naishika kuandika idadi ya tofali tu.

Mambo ya safari sikuandikii. Treni unaijua, baba yako atakupokea stesheni Dodoma, na chakula cha njiani hata nikikufungia utakigawa. Nataka kukuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nitaanza kufoka katikati. Unanijua. Nikiogopa, nafoka.

Na ninaogopa, Vero. Acha nilitoe hilo mwanzoni tusizungushane. Ninaogopa mpaka hesabu zinanipotea. Jana nimempakilia mteja mmoja tofali za wateja wawili, mie huyu, na vijana hawakunicheka. Waliniangalia tu, wakazishusha. Afadhali wangenicheka.

Tangu mdogo wako Dani alazwe kule Dodoma, baba yako akikaa naye, simu ikilia naitazama kwanza kama kitu kitakachoning'ata. Na bado nina kinyongo cha ile siku waliyosema mtu wa kukaa na mgonjwa ni mmoja tu. Begi langu lilikuwa limeshafungwa. Mtoto nimemzaa mie, siku za kuongezewa damu kila mwezi nimekaa kando ya kitanda mie, halafu Dani, na miaka yake kumi na miwili, anamwambia nesi mbele yangu, “Nataka baba. Mama anaogopa kwa sauti.” Nesi akageukia ukutani kucheka. Wewe ulicheka waziwazi. Nilinuna siku nzima, lakini yule mtoto hakukosea. Basi leo najaribu kuogopa kwa maandishi.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu kuna hesabu moja ambayo sijawahi kuikalia na wewe.

Dani alipokuwa hajatimiza mwaka vidole vilimvimba, vya mikono na vya miguu, ukimgusa analia. Shangazi yenu alikuja kumwona, akakaa pale sebuleni akasema kwenye ukoo wao hajawahi kuzaliwa mtoto wa hivyo, kwa hiyo tuangalie upande wa pili. Upande wa pili ni mie. Nilimwacha aseme, nikaenda kumpikia. Baadaye, kliniki ya selimundu, nesi wa pale akachukua vifuniko vya chupa za dawa, vyekundu na vyeupe, akavipanga mezani. Baba anabeba kimoja kibovu, mama anabeba kimoja kibovu, wote wawili wanatembea na afya zao wala hawajui. Kila mimba, robo ni kuupata ugonjwa, nusu ni kubeba kama wazazi, robo ni kutokuwa na kitu. Baba yako aliomba arudie. Mie nilielewa mara moja, kwa sababu kazi yangu ni uwiano: niambie mchanga kiasi gani na saruji kiasi gani, nitakwambia litakalotoka. Na kitu cha kwanza nilichokielewa hata hakikuwa ugonjwa. Nilielewa kwamba lawama ilikuwa nusu kwa nusu, mie nimeibeba yote, na juu yake nimempikia aliyenibebesha.

Kilichochelewa kuniingia ni kwamba kila mimba inachanganywa upya, haiangalii iliyotangulia. Wewe ulipimwa ukaonekana unabeba tu, huumwi. Tukashukuru, tukafunga hesabu yako palepale. Tukaanza kukuita mzima. Mwachie mzima, mzima atafanya, mzima wangu yuko shule. Baba yako akipiga simu kutoka saiti alikuwa anauliza, “Mgonjwa anaendeleaje?” Tukishamaliza ya mgonjwa anauliza, “Na mzima?” Nami nasema yupo. Hapo ndipo habari zako zilipokuwa zinaishia, Vero. Yupo.

Siku Dani alipopata kiharusi shuleni, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauna nguvu, baba yako alikuwa kazini Morogoro, na hapa uani nilikuwa na tofali mbichi, oda ya mtu aliyekuwa anajenga Kunduchi. Nilikukuta mlangoni na sare yako ya kidato cha pili. Nikakwambia neno moja, mwagilia, nikapanda bajaji. Sikukwambia mdogo wako ana nini. Sikukwambia nitarudi lini. Unajua mwenyewe tofali bichi lisiponyweshwa maji asubuhi na jioni linakauka juu haraka, ndani bado, na siku ukilishika linamong'onyoka. Niliporudi, zimepita siku nyingi tu, nilipitia uani kabla ya kuingia ndani. Mistari yote imelowa, chini tope. Hakuna hata moja lililopasuka. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, nina mzima. Nikaingia kufua nguo za Dani.

Mwaka jana tu, kwenye shughuli ya watu, tukichambua mchele, Mama Zuhura jirani akaniuliza kama wewe bado inakurudiarudia ile homa. Nikamuuliza homa gani. Akanishangaa. Kumbe siku zile uliumwa malaria, yeye ndiye aliyekupeleka zahanati, na jioni alikuwa anakuona juu ya ukuta unamwagilia umejifunga khanga mbili, unatetemeka. Nikamwambia, ndiyo, ndiyo, ile homa, kama mtu aliyekumbuka. Joto la mwili wa Dani nilikuwa nalijua la kila siku. La kwako nimelisikia kwenye mchele wa watu.

Sikukwambia kwamba nimejua. Ningeanzia wapi.

Nimesimama kidogo, alikuja bwana mmoja na fuso anataka punguzo la ajabu, nimemwambia aende akafyatue mwenyewe. Narudi.

Wewe umenikuta tayari nina mashine, kwa hiyo unadhani mie nilizaliwa na kontena. Nilikuja Dar kutoka Sengerema na begi la nailoni, nikaanza kubeba ndoo za zege kwenye majengo ya huku Wazo, kichwani, mwanamke peke yangu kwenye kundi. Hesabu ya saruji sikufundishwa, niliiba kwa macho. Nilipoanza kufyatua zangu nilikuwa na haraka ya kupata, nikawa nanyoosha mfuko wa saruji. Badala ya tofali zinazostahili, natoa na nyingine juu yake. Zikikauka zinafanana kabisa, huwezi kujua kwa macho. Ikaja mvua ya masika, ukuta wa mama mmoja mjane ukalala chini. Nikaujenga upya kwa jasho langu, na tangu siku hiyo mfuko wangu haujanyooshwa tena, waulize mafundi wote huku. Saruji ni ileile. Ukiongeza tofali, kuna mahali umepunguza.

Nyumbani niliendelea kunyoosha. Mama ni mmoja, nikampa Dani karibu mfuko wote, nikakupunguzia wewe kwa sababu kwa macho ulionekana umesimama.

Haya, yule bwana wa tai unamkumbuka? Mwenye begi la magurudumu, wa seli shina za kwenye pakiti. Alitandaza picha mezani, damu kabla na damu baada. Unga wa zambarau, unakoroga kwenye maji asubuhi, seli shina zilizolala mwilini zinaamka zinatengeneza damu mpya. Nilimuuliza swali zuri kabisa, nilimuuliza inashindikana kwa wangapi. Akasema, “Mama, hii ni asilimia mia.” Hapo ndipo nilipotakiwa kumwonyesha mlango. Sijawahi kutoa tofali mia bila moja kuvunjika pembe. Lakini neno lake lilinipa usingizi, na mie kipindi kile nilikuwa nautaka usingizi kuliko ukweli. Nikanunua, nikapunguza na vidonge vya kliniki ili visigombane na unga. Wewe ulionja kwa kidole ukasema, “Mama, hii si juisi ya unga ya dukani? Ya zabibu.” Nikakwambia mzima asiingilie mambo ya wagonjwa. Dani alilazwa pakiti hazijaisha.

Kwa hiyo siku daktari wa Dodoma alipotukalisha kutueleza kwamba seli shina anazozijua yeye ziko ndani ya mfupa wa mtu, kwenye uloto, na kwamba watazitoa kwa ndugu aliyelingana na Dani, zitamwingia kwa mshipa kama chupa ya damu, na zenyewe zitatafuta njia mpaka kwenye mifupa yake zianze kumtengenezea damu nyingine, nikamuuliza swali lilelile. Naye akanipa namba. Akasema wangapi wanapona, wangapi mwili unazikataa, wangapi seli ngeni zinaugeukia mwili wenyewe, wangapi hawatoki wodini. Nilimchukia palepale. Mpaka tuko kwenye treni kurudi ndipo nikaona kwamba katika watu wote waliowahi kuniambia habari za mtoto huyu, yule ndiye aliyeniheshimu.

Namba hiyo siiandiki. Ni nzuri, na daktari mwenyewe alisema ni nzuri. Lakini mie siitazami ile kubwa. Natazama ile ndogo inayobaki, na kila nikiitazama ina uso wa Dani.

Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kulingana kwao ni robo tena. Nilijua robo moja imeshatupiga, hii nyingine haitatuona. Simu ilipokuja nilikuwa hapahapa uani. Nesi akasema, “Mama Vero, dada mtu amelingana.” Nilipiga vigelegele mpaka vijana wakazima mashine. Nilimkumbatia fundi na saruji yake. Nikampigia baba yako, nikampigia mchungaji, nikampigia hata shangazi yako. Wewe ulikuwa kazini Kunduchi, umesimama mapokezi pale hotelini, na simu unayo mfukoni. Sikukupigia. Jioni uliporudi ulikuta nyumba inacheka, ukaambiwa umelingana kama mtu anavyoambiwa matokeo ya mpira.

Na Jumapili yake ndiyo ninayoirudia. Muda wa shuhuda nilikwenda mbele nikashika maiki. Nikasema Mungu ametenda, binti yangu Veronika amekubali kumtolea mdogo wake uloto. Amekubali. Nililisema neno hilo kanisa zima linasikia, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amekuuliza. Mchungaji akasema dada Vero asimame tumwone. Ukasimama. Makofi, kwaya ikaingia, kina mama wakapunga vitenge. Mie nilikuwa mbele, kwa hiyo uso wako niliuona. Ulikuwa na lile tabasamu lako la mapokezi, na mkono umeng'ang'ania benchi la mbele kama mtu aliye kwenye gari lililokatika breki. Niliuona mkono. Nikasema ni furaha.

Kesho yake kamati imeshaundwa na kadi za mchango zimechapwa, picha yako na ya Dani, maandishi ya dhahabu, Upendo wa Dada. Picha yako niliichukua kwenye status yako. Wewe ulisema jambo moja tu, tukiosha vyombo.

“Mama, ungenishtua tu kabla.”

Nikakujibu, “Kwani ungekataa?”

Ukapokea sahani ukaifuta. Nikaendelea kusuuza.

Tulipokwenda Dodoma kwa vipimo vyako, nesi mratibu alisema anataka kuongea na wewe peke yako. Nikamwambia mie ni mama yake. Akasema, “Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba utoke.” Nilitoka nimefura. Nikasimama koridoni karibu na dirisha lililokuwa wazi nusu. Sikwenda pale kusikiliza. Haya, nilikwenda kusikiliza. Mengi hayakunifikia, feni ilikuwa inapiga kelele, ila sauti yako naijua. Ulimuuliza, “Nikikataa, mama ataambiwa nini?”

Naye akakujibu, “Ataambiwa hujafaa, basi. Sababu hatumwambii mtu.”

Niliondoka dirishani. Ulipotoka ulinikuta kwenye benchi nakula karanga. Ukasema tumemaliza, nikasema haya, tukaenda kula wali. Nilikuuliza kama unataka maharage au nyama.

Tangu siku ile nimekaa na swali lako. Hukuuliza sindano inauma kiasi gani. Hukuuliza kama utaamka. Uliuliza mie nitaambiwa nini. Mtu mzima wa miaka ishirini na mmoja, kitu kinachomtisha kuliko vyote hospitalini ni mama yake aliyekaa nje anakula karanga.

Basi nakujibu mwenyewe. Nitaambiwa hujafaa, na nitasema haya. Sitauliza swali la pili, si kwa nesi, si kwa baba yako, si kwako, si leo wala nikiwa kikongwe nimekukasirikia kwa jambo jingine.

Usidhani nakuandikia kwa ushujaa. Mie nataka utoe. Nikikuficha hilo utajua nadanganya na barua yote utaitupa. Nataka kiharusi cha pili kisimkute mdogo wako. Nataka siku moja aumwe malaria tu, kama watu, nimpe dawa nimwambie akalale. Nataka mpaka nikipiga magoti kuomba naona aibu, kwa sababu najua ninachokiomba kiko ndani ya mfupa wa nyonga ya mtu mwingine.

Lakini na wewe nakuogopea, na hofu hii ni ngeni, sijui niishike wapi. Ya Dani nimeishi nayo, ina mahali pake ndani ya nyumba. Ya kwako imeingia juzi juzi na kila mahali inakaa yenyewe. Shangazi yako amenipigia kuniambia mwanamke akitolewa uloto hazai tena. Nikampigia nesi. Akasema uloto unajijaza wenyewe baada ya wiki chache, nyonga itakuuma kama mtu aliyeanguka, na uzazi hauguswi. Nimemrudishia shangazi yako maneno hayo kwa raha zangu zote. Ila usiku wake nikakumbuka kwamba watakupiga nusu kaputi. Daktari alisema hatari kwako ni ndogo sana. Nikamuuliza ndogo sana ni ngapi, akaniambia, na si sifuri. Watoto ninao wawili. Siku hiyo wote wawili watakuwa jengo moja, mmoja amelazwa kifudifudi hajitambui, mwingine anasubiri kilichotoka kwa mwenzake. Nimezoea kupiga hesabu za watu wanaojenga ghorofa. Hii naianza, nafika katikati, naiacha.

Dani amepiga sasa hivi kwa simu ya baba yako. Anauliza akishapata damu yako ataanza kupenda singeli na kuchelewa kuamka? Nikamwambia na kununa pia, ajiandae. Amecheka mpaka akakohoa, moyo ukanipasuka, kumbe ni kikohozi cha kucheka tu. Halafu akauliza, “Vero ataumia?” Nikasema kidogo. Akasema, “Kidogo ya madaktari au kidogo ya kweli?” Mtoto ameshachomwa sindano nyingi kiasi hicho, anajua ziko kidogo mbili. Nimemwambia sijui. Akasema, “Basi usimwambie kidogo.”

Nami sikwambii kidogo.

Kwenye bahasha hii kuna karatasi moja nyingine. Tiketi ya kesho ya kwenda unayo kwenye simu. Hii ni ya kurudi, Jumapili, treni ya jioni, ina jina lako kamili. Nimeichapisha pale steshenari ili isifutike kwa bahati mbaya. Baba yako hajui, Dani hajui.

Unakumbuka daktari alivyotueleza. Jumatatu asubuhi Dani anaanza dawa za kufuta uloto wake, wote, mpaka kwenye msingi, ndipo wa kwako uingie. Mpaka Jumapili mtu yeyote anaweza kusema hapana, na Dani atarudi nyumbani na uloto wake uleule, na vidonge vyake, na damu yake ya kila mwezi, kama tulivyoishi siku zote. Hatari yake itabaki palepale, sikufichi. Lakini dawa zikishaanza Jumatatu hakuna tena kurudi nyuma kwa mtu yeyote, kwa sababu atakuwa hana chake kabisa. Kwa hiyo nafasi ipo mpaka Jumapili. Kwamba unaweza kuitumia bila mtu kujua sababu, nesi alikwambia wewe peke yako, ukaibeba peke yako mwezi mzima, unakula wali na mie, unapanda treni na mie. Sasa tunaijua wawili.

Kanisani niachie mie. Ushuhuda wa kwanza niliutoa bila kukuuliza, wa pili nitautoa bila kukutaja. Nitashika maiki ileile niseme madaktari wameona haijafaa, tuendelee kuomba. Kamati wakitaka michango yao nitawafyatulia tofali, wajenge hata ukumbi. Na yeyote atakayekuangalia vibaya nitamfuata mpaka kwake, hilo unajua naliweza.

Radhi yangu unayo. Sijaiweka Dodoma ukaichukue, wala sijaiacha Wazo uirudie. Nimeshaitoa, iko kwako.

Chuo chako kinafunguliwa mwezi ujao, huko huko Dodoma. Uliniambia ukimaliza haya ya Dani unapanga chumba karibu na chuo, Wazo hurudi tena. Nilikujibu nenda, kwa lile jibu langu la kufunga mlango kwa kisigino. Sasa nakwambia nenda, bila kisigino. Hata ukirudi Jumapili, mwezi ujao utaondoka tena, na sitakuzuia kwa magonjwa ya mtu. Na huko ukimpenda kijana, mpime kabla hujaanza kumpikia. Wewe ni mbebaji. Naye akiwa mbebaji msikimbiane kama wezi, ila kaeni chini muijue robo yenu mapema, muamue mkiwa mmeshiba. Sie tulikutana nayo hospitali, mtoto analia, na wifi sebuleni.

Ile homa ya kidato cha pili, Vero, nilitakiwa niwe nimekushika paji la uso. Siwezi kurudi. Ninachoweza ni hiki cha Jumapili, nacho ni kidogo. Kidogo ya kweli.

Nakusikia getini, unagombana na vijana kuhusu nani kakalia kiti chako. Nimalizie.

Jumapili nitawahi stesheni ya hapa Dar mapema. Usinipigie simu kunieleza umeamua nini, sitaki ulazimike kuyatamka. Nitasimama pale wanapotokea abiria. Ukishuka, nitapokea begi, tutakula chipsi njiani, tutarudi nyumbani, utanisimulia Dodoma kuna baridi au hakuna. Usiposhuka, nitangoja mpaka atoke abiria wa mwisho na wafagiaji waingie, halafu nitarudi peke yangu nimwagilie tofali. Sijui nitakuwa naomba nini nikiwa nimesimama pale. Kila mtu atakayetokea mlangoni nitaogopa kwamba ni wewe, na nitaogopa kwamba si wewe.

Ila nitaogopa kimya. Mwambie Dani.

Mama